Kupakia funguo za usimbaji pale zinapohitajika: maswali ya wanaolea hifadhi ya mtandao

Maswali haya hunijia mara kwa mara kutoka kwa wenzangu wanaosimamia seva hapa Nairobi. Wengine wako kwenye sacco, wengine hospitalini, wengine ni kampuni ndogo za programu zilizokodi rafu moja tu katika kituo cha data. Nimeyakusanya mahali pamoja. Mfumo ninaouzungumzia ni Linux, na hifadhi ni NVMe juu ya TCP, yaani diski zilizo kwenye seva moja zinazotumiwa na seva nyingine kupitia mtandao wa kawaida. NFS, njia ya kushirikiana mafaili kupitia mtandao, nimeigusia karibu na mwisho.

Data inazunguka ndani ya chumba chetu wenyewe. Kuna haja gani ya kuisimba?

Kabla ya kubishana na mtu, fanya jaribio. Kwenye seva inayotumia hifadhi ya mbali, endesha `tcpdump -X port 4420`, kisha mwombe mwenzako afungue faili la wateja ambalo halijafunguliwa tangu seva iwashwe. Poti 4420 ndiyo ya kawaida kwa NVMe juu ya TCP. Upande wa kulia wa skrini utaona maandishi yakipita: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, salio. Hakuna udukuzi wowote uliofanyika hapo. Itifaki bila TLS, yaani usimbaji wa data inayopita mtandaoni, ndivyo ilivyo, na yeyote anayeweza kunakili trafiki kwenye swichi anayaona hayo hayo. Katika rafu ya kukodi, si kila anayegusa nyaya ni mwajiriwa wako.

Washa TLS, rudia jaribio. Rekodi za data sasa zinaanza na baiti `17 03 03`, kisha urefu, kisha mseto usiosomeka. Mwoneshe bosi picha hizo mbili. Zinamshawishi haraka kuliko maelezo ya saa nzima.

Sheria inatudai?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za watu azilinde kwa hatua za kiufundi tangu mfumo unapobuniwa. Kifungu cha 43 kinatoa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data pale data inapofikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara. Kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba kuwajulisha wenye data si lazima iwapo kinga zinazofaa, usimbaji ukiwemo, zilikuwa zimewekwa.

Hapo ndipo swali la ufunguo linapoingia. Ufunguo ukilala kwenye faili ndani ya seva, utaingia pia kwenye nakala rudufu, kwenye picha ya mashine pepe, na kwenye diski iliyong'olewa ikaenda kwa fundi. Atakayeupata anaweza kujitambulisha mbele ya hifadhi kana kwamba yeye ndiye seva yako. Ukiulizwa kama kinga yako ilifaa, sijui utajibu nini.

Basi "kupakia pale unapohitajika" ni nini hasa?

Ni kwamba seva haikai na ufunguo kwenye diski. Muunganisho unapotaka kufunguliwa, ndipo ufunguo unapoombwa kutoka mahali panapoaminika, unawekwa kwenye kumbukumbu ya keneli (kiini cha mfumo wa Linux), unatumika, na seva ikizimwa unatoweka nao. Ni kama mpangaji anayechukua ufunguo kwa keyataka kila anaporudi: keyataka anamjua, anaandika nani kachukua na saa ngapi, na siku mpangaji akihama ufunguo haumfuati.

Faida mbili ninazozithamini zaidi ni hilo daftari la nani aliomba lini, na uwezo wa kukataa. Faili halikatai mtu.

Nani anafanya kazi gani kwenye mlolongo huo?

Keneli ya mteja inafungua muunganisho wa TCP. Kwa kuwa mapatano ya TLS, yaani pande mbili kutambuana na kukubaliana funguo, ni kazi ndefu yenye mambo mengi, keneli haiyafanyi yenyewe: inakabidhi soketi kwa programu iitwayo `tlshd`, iliyomo kwenye kifurushi cha ktls-utils. `tlshd` inautafuta ufunguo kwenye pete ya funguo ya keneli (sehemu ya kumbukumbu yake inapowekwa funguo), inamaliza mapatano ya TLS 1.3 na upande wa pili, kisha inairudisha soketi. Kuanzia hapo keneli ndiyo inayosimba na kusimbua kila kitu.

Pete inayohusika inaitwa `.nvme`. Hakikisha `tlshd` imeelekezwa kwenye pete hiyo, kwa mstari wa `keyrings=` ulio chini ya `[authenticate]` katika mipangilio yake. Nimeona watu wakihangaika siku nzima, ufunguo upo, pete ipo, ila `tlshd` haijaambiwa iangalie huko.

Keneli yenyewe haiwezi kwenda kuutafuta ufunguo ikiukosa?

Linux ina utaratibu huo, na ni wa miaka mingi: mfumo wa pete za funguo uliingia kwenye toleo la 2.6.10, mwaka 2004. Sehemu ya keneli ikiita `request_key` na ufunguo usipatikane, keneli inaita programu ya `/sbin/request-key`. Hiyo inasoma `/etc/request-key.conf` pamoja na faili za `/etc/request-key.d/`, inaona ni programu gani imepewa kazi ya kuleta ufunguo wa aina hiyo, na inaiendesha. CIFS, njia ya kufikia mafaili ya Windows, inaleta tiketi za Kerberos (za kumtambulisha mtumiaji) kwa njia hii, na NFS inatafsiri majina ya watumiaji kwa njia hii.

Lakini kwa NVMe juu ya TCP, uwe mwangalifu. Ufunguo wa TLS unatafutwa ndani ya pete tu. Usipokuwemo, muunganisho unakataliwa na hakuna anayetumwa kuuleta. Kwa hiyo hapa kuupakia "pale unapohitajika" ni kazi ya hatua moja kabla ya kuunganisha: huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) inaleta ufunguo, inauingiza kwenye pete, ndipo inaita `nvme connect --tls`. Ukingoja keneli ikufanyie, utangoja bure.

Nioneshe mfano wa ile njia ya request-key.

Tuseme una programu yako inayoomba funguo zenye majina yanayoanza na `hifadhi:`. Katika `/etc/request-key.d/hifadhi.conf` andika mstari mmoja:

`create user hifadhi:* * /usr/local/sbin/leta-ufunguo %k %d %S`

Kuanzia kushoto: kitendo, aina ya ufunguo, jina lake, taarifa za ziada, kisha programu. `%k` ni namba ya ufunguo mtupu unaongoja kujazwa, `%d` ni jina, `%S` ni pete ya aliyeomba. Ndani ya `leta-ufunguo` unaongea na seva ya funguo, na jibu unalipitisha kwa bomba (pipe) hadi `keyctl pinstantiate`. Herufi ile ya p ina kazi yake. `keyctl instantiate` bila p inapokea siri kama hoja kwenye mstari wa amri, na yeyote anayeendesha `ps` kwa wakati huo ataisoma. Kwa sababu hiyo hiyo, kwa NVMe napenda `nvme tls-key --import`, inayosoma ufunguo kutoka kwenye bomba.

Kujaribu: `keyctl request2 user hifadhi:jaribio x @s`. Usitumie `keyctl request` kwa jaribio hili. Hiyo inatafuta tu, haimtumi mtu.

Nimerekebisha kosa kwenye seva ya funguo, lakini bado naambiwa ufunguo haupo!

Ngoja dakika moja. Mletaji akishindwa, keneli inaweka alama ya "haupo" mahali pa ufunguo na kuishikilia kwa sekunde 60, ili isisumbuliwe na maombi mfululizo. Ndani ya muda huo kila anayeomba anajibiwa kutoka kwenye alama hiyo, bila programu yako kuitwa kabisa. Itazame katika `/proc/keys`: kwenye safu ya bendera utaona herufi N. Watu hubadilisha mipangilio mitano ndani ya sekunde hizo, kisha hawajui ni badiliko gani lililoponya.

Ufunguo uko kwenye pete, nauona kwa macho yangu, na bado muunganisho unakataa.

Karibu kila mara tatizo ni jina. Ufunguo wa NVMe ni wa aina ya `psk`, na jina lake hujengwa hivi: `NVMe0R01`, nafasi, jina la mteja, nafasi, jina la hifadhi. 01 maana yake hashi (muhtasari wa kihesabu) ya SHA-256, na 02 ni SHA-384. Matoleo mapya ya kiwango huanza na `NVMe1` na kuongeza muhtasari mwishoni. Herufi moja ikitofautiana, hata kubwa kwa ndogo, huo ni ufunguo mwingine.

Chanzo kikubwa cha tofauti hizi ni mashine pepe zilizozaliwa kutoka kwenye picha moja. Zote zinabeba faili moja la `/etc/nvme/hostnqn`, kwa hiyo zote zinajiita jina moja. Seva ya funguo inatoa ufunguo uleule kwa mashine tofauti, na lile daftari la nani kachukua nini halina maana tena. Tengeneza jina jipya kwa `nvme gen-hostnqn` kila unapozaa mashine, tena kabla haijagusa mtandao.

Ukihamisha ufunguo kwa kunakili, angalia pia haujakatwa mwishoni. Ule unaoanza na `NVMeTLSkey-1:01:` una herufi 48 baada ya hapo, kisha nukta mbili za kufunga. Baiti nne za mwisho ni za ukaguzi wa CRC, na `nvme check-tls-key` itakwambia kama zinalingana.

Stima ikipotea na kurudi, itakuwaje?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu aliulize kabla ya kununua chochote, kwa sababu hapa kwetu si swali la kubuni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Aliyekuwa na funguo kwenye faili aliwasha seva zake na kazi ikaendelea. Mwenye funguo za kuombwa huwa na maswali ya ziada siku kama hiyo.

La kwanza ni seva ya funguo yenyewe. Ukitumia Vault (programu ya kutunza na kutoa siri), ikiwashwa upya inaamka ikiwa imefungwa. Kwa mpangilio wa kawaida siri yake ya kufungulia hugawanywa vipande 5, na 3 lazima vikutane. Ni nani hao watatu saa nane usiku? Mmoja yuko Rongai, mwingine kasafiri kwao, wa tatu simu imezima kwa sababu na kwake hakuna stima. Andikeni orodha ya zamu, na mfanye zoezi la kufungua mkiwa mmetulia mchana.

Wengine wanakwepa hilo kwa kuiacha Vault ijifungue kwa msaada wa huduma ya funguo iliyo kwenye wingu ng'ambo. Ni njia halali, ila sasa diski zako zilizo Nairobi zinategemea nyaya za chini ya bahari. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Siku hiyo ikikutana na kukatika kwa stima, hifadhi iliyo mita tatu kutoka kwako haitafunguka mpaka wingu la ng'ambo lijibu.

La pili ni saa. Betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, seva inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Cheti cha seva ya funguo kinaonekana hakijaanza kutumika, ombi linakataliwa, na unaanza kutafuta kosa kwenye cheti. Weka seva ya saa ndani ya mtandao wako, na mpangilio wa systemd uhakikishe saa imelingana kabla ya kuomba ufunguo.

La tatu ni msongamano. Kila foleni ya NVMe (njia ya kupitishia maombi ya diski) ni muunganisho wake wa TCP na mapatano yake ya TLS. Mteja mwenye kori 16, kwa mpangilio wa kawaida, anafungua foleni 16 za data na moja ya usimamizi. Wateja 40 wa namna hiyo wakiamka pamoja, hifadhi inapokea mapatano 680 kwa mkupuo, na keneli ya mteja inangoja kila mapatano sekunde 10 tu kwa chaguo-msingi. Mpe kila mteja kuchelewa kwa nasibu kabla ya kuunganisha, na punguza foleni pale ambapo kazi haizihitaji.

La nne ni uvumilivu. Muunganisho uliokatika hujaribiwa tena kila sekunde 10, na baada ya sekunde 600 mteja anakata tamaa na kuiondoa diski. Kama kufungua Vault kunaweza kuchukua saa nzima, weka `--ctrl-loss-tmo=-1` ili asubiri bila kikomo. Mipangilio hiyo lakini inamhusu aliyekuwa ameunganishwa. Aliyewashwa upya hana cha kurudia, kwa hiyo huduma yako ya systemd nayo iwe na `Restart=on-failure`.

Seva yetu ya funguo ni mashine pepe, na diski yake iko kwenye hifadhi hiyo hiyo. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Hifadhi haifunguki bila ufunguo, na ufunguo uko ndani ya hifadhi. Siku ya kawaida hutaona dalili yoyote, kwa sababu muunganisho uko wazi tayari. Utaona siku vyote viwili vimezimika. Seva ya funguo iwe na diski zake za ndani, iweze kuwaka bila DNS ya kwenye mashine pepe, na wateja waijue kwa anwani ya IP au kupitia `/etc/hosts`.

Chora kwenye karatasi nani anamngoja nani wakati wa kuwasha. Mshale wowote ukizunguka na kurudi ulikotoka, hapo ndipo pa kukata.

Sisi ni watu wawili tu, Vault hatuiwezi.

Si lazima. systemd kuanzia toleo la 250 inaweza kufunga siri kwa TPM, chipu ya usalama ya mashine husika. Fungasha ufunguo kwa `systemd-creds encrypt`, kisha huduma yako iupokee kwa `LoadCredentialEncrypted=`. Faili litakaa kwenye diski, lakini diski ikihamishiwa mashine nyingine halifunguki. Utakosa daftari na uwezo wa kukataa, ila nakala rudufu haitabeba siri inayosomeka. Kwa ofisi ndogo naliona ni chaguo la heshima, na kulifikia ni kazi ya mchana mmoja.

nvme-cli, kifurushi cha amri za `nvme`, nayo ina kanuni ya udev ya kuingiza funguo kutoka kwenye faili pale moduli ya `nvme_tcp` inapopakiwa. Inarahisisha kazi, lakini faili hilo liko wazi kwa root (mwenye mamlaka yote kwenye mashine) na kwa kila nakala rudufu. Nisingeiita kinga.

Nikifuta ufunguo, muunganisho unakatika?

Hapana. Ufunguo huu unatumika wakati wa mapatano tu. Baada ya hapo kila muunganisho una funguo zake za kupitishia data. Ukimwondoa mfanyakazi au mashine, futa kwenye seva ya funguo, futa kwenye pete kwa `keyctl unlink` au `keyctl revoke`, halafu ukate muunganisho wenyewe kwa `nvme disconnect`. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, uliyemfukuza bado yumo ndani.

Kinyume chake ni kweli pia. Ukiupa ufunguo muda wa kuisha kwa `keyctl timeout`, kila kitu kitaendelea vizuri hadi waya utikisike. Muunganisho unaorudi unafanya mapatano upya, na ufunguo umekwisha. Ukiweka muda, weka na mtu, au huduma, wa kuupyaisha kabla.

Kubadilisha funguo bila kusimamisha kazi: ingiza mpya pande zote mbili, kisha kata na uunganishe njia moja baada ya nyingine. Hii inawezekana tu kama una njia mbili kwenda kwenye hifadhi.

Haya yote yanamzuia nani, na hayamzuii nani?

Yanamzuia anayesikiliza mtandao, anayeiba mashine iliyozimwa, na anayepata nakala rudufu. Hayamzuii mwenye root kwenye mashine inayofanya kazi. Na kuna mlango ambao wengi wanausahau: keneli ikianguka na kdump ikahifadhi picha ya kumbukumbu, funguo zimo ndani ya picha hiyo. Usiitume kwa msaada wa kiufundi kwa barua pepe.

TLS ikiwepo, LUKS ya nini?

TLS inalinda data ikiwa njiani, LUKS, usimbaji wa diski, inailinda ikiwa imelala. Unahitaji zote mbili.

Kasi itashuka?

Kidogo. Vichakataji vya siku hizi vina maagizo ya AES ndani yake. Pima kwa `fio`, programu ya kupima kasi ya diski, na kwa kazi yako halisi, kabla na baada.

Na NFS?

Inatumia `tlshd` hiyo hiyo, kwa kiwango cha RFC 9289 cha mwaka 2022. Seva inahitaji keneli 6.4 kwenda juu, mteja 6.5. Unapachika kwa `xprtsec=mtls`, na badala ya ufunguo wa pamoja kuna vyeti vya pande zote mbili. Chagua `mtls`, si `tls` tupu, kwa sababu hiyo ya pili inamthibitisha seva peke yake.

Keneli yangu inatosha?

TLS ya NVMe juu ya TCP iliingia Linux 6.7. Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8, Debian 13 na 6.12, kwa hiyo hizo zimevuka. Namba hata hivyo haitoshi, maana aliyeijenga keneli anaweza kuwa ameiacha sehemu hiyo nje. Endesha `grep NVME_TCP_TLS /boot/config-$(uname -r)`. Ukiona `=y`, sakinisha ktls-utils na uanze na mteja mmoja wa majaribio, kwenye diski isiyo na data ya mtu yeyote.